Nchi ya Mzee Faki

Vijana mliochukua meza yangu pale Kilambo, nimesikia mnanisifu. Mnasema Bi Hawa alikuwa karani mkali, hakukosea jina la mtu miaka yote aliyokaa mtoni. Somoe, mdogo wangu ninayeishi kwake sasa hapa Likombe, aliposikia sifa hizo alicheka mpaka akaweka chini bakuli la kisamvu. "Hawajakujua hao," akasema.

Ni kweli, hamjanijua. Nawaandikia ili mnijue.

Mtu wa mbali akisoma haya, ajue kwamba Kilambo ndipo watu wa kwetu wanapovukia mto Ruvuma kwenda Msumbiji. Wenye mitumbwi ya mashine walikuwa na umoja wao, na umoja huo ndio uliniweka niandike orodha ya abiria. Afisa wa mpaka alikuwa na kibanda chake na mihuri yake. Mimi nilikuwa na meza, kiti kimoja kilichopungua mguu, na daftari la safu nne: jina, umri, aendako, nchi. Niliandika mara moja kwa karatasi ya kaboni, zikatoka nakala tatu. Moja ya afisa, moja ya nahodha, moja ilibaki kwangu chini ya jiwe.

Ninyi mna vishikwambi. Mnagusa tu. Lakini yapo mambo ambayo kishikwambi hakiwafundishi. Hesabuni vichwa watu wakiwa wamekwisha kukaa, msihesabu wakiwa bado wanasukumana ukingoni. Msihesabu mizigo kwanza, mizigo inadanganya macho. Na tazameni migongo ya akina mama. Mwaka wangu wa kwanza niliandika watu kumi na saba, ng'ambo wakashuka kumi na wanane. Nilikuwa nimemsahau mtoto mchanga aliyelala mgongoni kwa mama yake, amefunikwa kanga gubigubi. Watu wa ng'ambo wakamzuia nahodha. Aliporudi alinijia moja kwa moja.

"Bi Hawa, wameniuliza kama nimezalisha majini!"

Huyo ni Nahodha Bakari, mtu wa maneno. Ndiye niliyekuwa nikimwuliza "Nchi?" kwa kutimiza desturi tu, ananijibu, "Nchi kavu, dada. Huku majini nabahatisha." Tulicheka sana mtoni kwetu. Kicheko kile ndicho kilichoniponza, nitafika hapo.

Nilitoka shule darasa la sita. Mama alitangulia, baba akamfuata kabla mwaka haujakwisha, tukabaki wanne, mimi mkubwa. Somoe alikuwa bado anang'oka meno ya utoto. Mjomba alituchukua kwake Mahurunga, akatupa kibanda nyuma ya nyumba yake. Tulikuwa na mafiga yetu, na kipande chetu cha mihogo tulichokilima wenyewe. Lakini ua ulikuwa mmoja, na aliyeitwa mwenye ua ni mjomba.

Mwaka mto ulipofunika mashamba, yakaja mahindi ya msaada. Balozi wa nyumba kumi akakaa na daftari akiita kaya moja moja. Nikapanga foleni na kapu langu. Zamu yangu ilipofika alinitazama juu ya miwani.

"Wewe si kaya. Wewe uko ndani ya kaya ya mjomba wako. Yeye ameshachukua."

Nikarudi na kapu tupu. Haikupita miezi mingi ikatangazwa kuchimba msingi wa zahanati, kila kaya itoe mtu. Mjomba akamtoa mwanawe. Balozi yule yule akaja mpaka nyuma kwetu, akasimama mbele ya jiko letu.

"Hapa panafuka moshi," akasema. "Hii ni kaya. Toeni mtu."

Nikaenda kuchimba mimi, siku nne, Somoe akiniletea maji.

Tulikuwa kaya au hatukuwa? Sijapata jibu mpaka leo. Ninachokumbuka ni kwamba balozi alijibu mara mbili, majibu mawili tofauti, na mara zote mbili tukaumia sisi. Nililia kwa hasira nikiwa na koleo mkononi, nikaapa kwamba nikipata daftari maishani sitafanya hivyo. Shikeni hapo.

Daftari nililipata kwa Mzee Chitanda. Yeye ndiye aliyekuwa akiandika orodha Kilambo kabla yangu, nami nikiuza mihogo ya kuchemsha kando ya meza yake. Macho yake yalipoanza kuingia ukungu akawa ananiita nimsomee jina hili na lile, kisha nimwandikie, kisha akawa anakaa tu pembeni anakula mihogo yangu, kazi nafanya mimi. Siku aliyoniachia meza rasmi aliniuliza swali.

"Hawa, orodha hii ni ya nini?"

"Ya afisa."

"Afisa ana daftari lake."

"Basi ya nahodha."

"Bakari anajua kusoma?"

Bakari alikuwa karibu, akaitikia, "Najua kusoma maji, mzee, usinivunjie heshima."

Mzee Chitanda akaelekeza kidole kule anakodhani mto uko. "Orodha hii ni ya siku mtumbwi ukipinduka. Siku hiyo ndiyo tutaitazama. Jina, tujue tunamtafuta nani. Umri, tukiokota mtu tujue ni yupi. Aendako, tujue nani anamngoja kwa wasiwasi. Na nchi, tujue habari tuzipeleke wapi, waanze kulia. Sasa usije ukamfundisha mtu nchi yake. Andika anachokwambia. Karatasi zake atazisoma afisa."

Niliitikia naam. Niliitikia kama mnavyoitikia ninyi mkipewa mawaidha, huku akili iko kwenye sufuria ya mihogo.

Miaka ikapita. Nikazoea kiti, nikazoea kuitwa karani. Mtu asiyemaliza shule akipewa peni, vijana wangu, kuna hatari. Nilikuwa napenda kuwasahihisha watu. Aliyesema "natoka Mosambiki" nilimwambia sema Msumbiji. Mwalimu mmoja aliyekosea herufi ya jina lake kwa haraka nilimtangaza mbele ya mstari mzima. Watu waliokuwa wakisubiri maji yajae walisogea karibu na meza yangu kusikia nitamwambia nini nani. Nilijiona nawachangamsha.

Sasa niwaambie ya Mzee Faki.

Asubuhi ile maji yalikuwa yamejaa na kusimama. Mnajua maana yake, mto wetu hufuata bahari. Maji yakishasimama hayakawii kuanza kupwa, na yakipwa mafungu ya mchanga yanatokeza katikati, mashine haipiti, mpaka yajae tena. Yakijaa tena ni jioni, na jioni hatuvushi. Kwa hiyo asiyepanda asubuhi ile angevuka asubuhi ya pili.

Utaratibu wetu ulikuwa huu. Wenyeji na Watanzania wote walikaguliwa kwanza, wakapanda mtumbwi wa kwanza. Wageni walikaa kwenye benchi upande wa kibanda cha afisa, wakakaguliwa mwisho kwa kuwa karatasi zao ndefu, wakapanda mtumbwi wa pili. Nani aende benchini na nani aende mtumbwini niliamua mimi mezani, kwa safu ile ya nne.

Kwenye mstari alisimama mzee mwembamba, kofia ya viua iliyofuliwa mpaka ikapauka, kapu la ukili mkononi. Viganja vyake vilikuwa vimepasukapasuka kwa chumvi. Nikajua ni mtu wa dago, wale wavuvi wa visiwani wanaopiga kambi pwani ya kwetu msimu mzima, wanachoma pweza.

"Jina?"

"Faki Kombo Faki."

"Umri?"

"Andika hamsini na tano. Haitozidi sana."

"Unakwenda wapi?"

"Kiyonga. Nna ndugu yangu kaolewa huko, mgonjwa. Tumezaliwa wawili tu. Jana nimeletewa salamu kambini, niwahi."

Alisema hivyo, niwahi. Niliisikia. Siwezi kujitetea kwamba sikusikia.

"Nchi?"

"Zanzibar."

Nikaweka peni chini. Kuweka peni chini ndiyo ilikuwa ngoma yangu ya kuwaita watu. Wakasogea.

"Mzee, nimekuuliza nchi. Sikukuuliza kisiwa."

"Nami nimekujibu nchi, mwanangu."

"Zanzibar si nchi. Nchi ni Tanzania. Zanzibar imo ndani."

"Imo ndani, sikatai. Kitu kikiwa ndani ndio hakipo?"

Watu wakaguna kwa raha. Nikaona nipandishe.

"Basi na mimi nchi yangu Mahurunga. Nahodha Bakari, wewe nchi yako ipi?"

"Kwa mke mdogo!" Bakari akajibu akiwa ndani ya mtumbwi. "Kwa mke mkubwa wameninyima viza!"

Walicheka mpaka mama mmoja akakaa chini. Mzee Faki naye akacheka, alikuwa na meno machache mazuri. Kisha akaniuliza kwa upole, "Hiyo Mahurunga yako ina rais?"

"Ina mwenyekiti."

"Ina bendera?"

"Lipo shuka la mwenyekiti, limeanikwa."

"Ina timu ya taifa? Maana yetu sisi ikicheza na yenu, naona mnavyoshangilia, utadhani mnapigana na wageni."

Hapo kicheko kikahama. Kikaondoka kwangu kikaenda kwake. Mtu nyuma akapiga kelele, "Karani umefungwa! Moja bila!" Wakapigiana mikono.

Sikuwa nimezoea kufungwa mezani pangu. Mzee wa watu alikuwa ametoa kitambulisho, kile cha kwao cha Mzanzibari mkaazi, amenipa kwa mikono miwili. Nikakiinua juu.

"Jamani, someni wenyewe. Mna neno Mtanzania hapa? Halimo. Una rais wako, una bendera yako, una timu yako. Basi hongera, wewe ni mgeni. Benchi la wageni lile pale."

Akadhani ni mzaha unaendelea. Alibaki anatabasamu. "Nna na karatasi nyingine mwanangu, ya safari, nimepewa mjini," akaanza kuingiza mkono ndani ya shati.

"Ya nini nyingine? Umeshasema kwa mdomo wako. Anayefuata!"

Alisimama kidogo. Watu wa nyuma yake wakampita, mmoja baada ya mwingine, nami nikawaandika. Akaenda kukaa benchini na kapu lake magotini. Mtumbwi wa Bakari ulikuwa na nafasi tatu wazi ulipoondoka. Nilizihesabu, ndiyo kazi yangu. Tatu.

Afisa alipofika kwa Mzee Faki, aliifungua karatasi ile ya safari iliyokuwa ndani ya shati, akanigeukia. "Bi Hawa, huyu ni Mtanzania. Nani amemweka huku?" Nikasema amejiweka mwenyewe. Vijana, nilisema hivyo, na yule mzee alikuwa ananisikia.

Mtumbwi wa pili haukuondoka. Maji yalikuwa yameshaanza kuukimbia ukingo. Mashine ilijaribiwa mara mbili, ikachimba tope, wakaizima.

Akakaa kutwa nzima akitazama mchanga ukitokeza. Adhuhuri aliswali ukingoni peke yake. Aliporudi alipita mezani kwangu.

"Mwanangu, pale mchanga ulipotokeza, mtu akivua viatu hawezi kupita?"

"Kuna mamba, mzee."

"Mamba wa nchi gani?"

Watu waliobaki wakacheka, na mimi nikacheka. Hata leo sijui kama alikuwa ananitania au ananilaani. Nafikiri alikuwa anatania. Mtu mwenye wasiwasi hutania ili asilie, nami nilikuwa nalijua hilo kabla ya kujua kusoma.

Jioni nilirudi nyumbani Mahurunga nikaisimulia habari ile wakati wa kula, kama nilivyozoea kusimulia. Nikaigiza sauti yake ya kisiwani, nikaigiza kofia. Watoto wakacheka. Somoe hakucheka. Alikuwa mtu mzima tayari, ana watoto wake. Alinyanyua kichwa kwenye sinia akaniuliza tu:

"Dada, umekuwa balozi lini?"

Sikumaliza chakula. Nilikwenda kukaa nyuma ya nyumba, pale palipokuwa na jiko letu la zamani, nikayatazama mafiga. Nilikuwa nimemwambia mtu kwamba nchi yake si nchi, na kwa pumzi ile ile nikamfukuza kwangu kwa kuwa ana nchi yake. Kama ningeshikilia jibu moja, lolote, asingepata hasara. Kama Zanzibar si nchi, basi yule ni Mtanzania, apande. Kama ni nchi iliyomo ndani ya Tanzania, kama alivyosema mwenyewe, basi bado ni Mtanzania, apande. Nililazimika kuyachukua yote mawili, kila moja kwa wakati wake, ndipo nikapata pa kumnyima nafasi.

Asubuhi nilikwenda mtoni mapema nimwombe radhi, nikakuta ameshavuka. Bakari alimpakia bila orodha. "Sikutaka apite mezani kwako," akaniambia, na hakutia mzaha wowote.

Siku ya nne alirudi. Wanaorudi nao huandikwa. Nilimwona tangu mtumbwi haujagusa ukingo, kapu halikuwa na kitu. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi, lakini mdomo ukatangulia na salamu.

"Mzee Faki, mgonjwa hajambo?"

"Nimekuta tanga, mwanangu."

Akasimama pale, akanieleza kama mtu anayempa karani taarifa zake. Mdogo wake alikata roho adhuhuri ya siku ile ya benchi. Alikuwa akiuliza kaka amefika wapi, wakawa wanamwambia yuko njiani. Wenyeji wakangoja mpaka alasiri, kwa kuwa kaka ndiye aliyebaki wa damu yake, ndiye wa kushuka kaburini kumpokea. Wakaona hatokei. Wakamtia kaburini watu wa mumewe.

"Wamefanya vizuri," akasema. "Watu wema. Ila mimi sikumshika."

Wa nyuma yake walikuwa wanasukuma. Mkono wangu ulikuwa umeshaandika Faki Kombo Faki, ukaandika hamsini na tano, ukafika safu ya nne. Na kwa mazoea, Mungu ananijua kwamba ilikuwa mazoea, nikasikia sauti yangu ikiuliza, "Nchi?"

Akanitazama. Hakukasirika.

"Andika utakavyo, mwanangu."

Akaokota kapu lake akapanda njia ya kwenda barabarani.

Nikaiacha wazi. Afisa alipochukua nakala alikuja nayo. "Bi Hawa, huyu wa tisa hana nchi?" Nikamwambia, "Anayo, afande. Mimi ndiye niliyemnyang'anya." Akadhani nimechoka na jua.

Kuna jambo nililikumbuka pale pale mbele ya afisa, la Mzee Chitanda. Kama mtumbwi ungepinduka na Mzee Faki ndani yake, habari tungezipeleka wapi? Tungesimama ukingoni tuseme Tanzania? Tanzania ni sisi wenyewe tuliokuwa tumesimama pale. Wa kulia walikuwa kwao, kisiwani Pemba. Alinijibu swali langu kama lilivyotakiwa kujibiwa, pengine kuliko mtu mwingine yeyote aliyepita mezani siku ile, nami nikamcheka.

Nilimfuata kambini Msimbati baada ya wiki tatu, nilipopata ruhusa. Alikuwa anageuza pweza juu ya vichanja. Alinipa kigoda, akanipa chai ya tangawizi kwenye kikombe chake, yeye akasubiri. Nikamwambia yote, na habari ya balozi nikamwambia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"La benchi nalikusamehe siku ile ile," akasema. "Lakini la mdogo wangu si langu. Hilo kamwombe mwenyewe."

"Nitamwombaje, mzee? Amekufa."

"Wajua aliko. Si wewe mwenye mto?"

Akaendelea kugeuza pweza. Nilidhani amenifukuza kwa adabu. Msimu uliofuata kambi ilipopigwa tena nikauliza, wakaniambia hakuja. Na uliofuata tena hakuja.

Kuanzia hapo, mtu akisema Zanzibar niliandika Zanzibar, na mbele yake nikaongeza Tanzania kwa ajili ya afisa, nikampeleka mtumbwi wa kwanza. Mmoja alisema Tanzania Visiwani, nikaandika vivyo hivyo. Mmoja kijana wa Unguja alisema Tanzania tu, nikaandika Tanzania tu, sikumwuliza mbona hukutaja kwenu. Nimesikia mabishano mengi ya watu wenye elimu, kwenye redio na kwenye mstari, katiba hii inasema hivi na ile inasema vile. Sina shule ya kuwaamulia. Ninalolijua ni dogo. Anayekuuliza kwa ubaya kama wewe ni nchi, au kaya, au mtu kamili, utamtambua kwa kuwa jibu lake hubadilika kufuatana na anachotaka kukunyima.

Mmeniambia kwenye kishikwambi chenu majina ya nchi yamepangwa tayari, mnachagua, na Zanzibar haimo. Sawa. Chagueni Tanzania, msibishane na mashine. Lakini chini kabisa nimeona kuna sehemu ya maelezo, ninyi mnairuka. Msiiruke. Andikeni pale alichokwambia mtu. Mashine haiendi msibani.

Sasa la mwisho, ambalo sikumwambia mtu ila Somoe.

Miaka yote ile nikiandika wanaovuka, mimi sikuwahi kuvuka. Sikuwa na wa kumwendea huko. Kisha ikaja miaka mibaya ng'ambo, watu wakikimbilia kwetu na magodoro kichwani, tukaandika majina mpaka karatasi za kaboni zikaisha, na hakuna aliyetaka kwenda upande ule. Nikajiambia, unaona, haiwezekani. Nilipumua kwa kupata sababu. Hilo nalo nalionea haya.

Nilipoacha kazi, na hali kule ilipotulia kidogo, Somoe akanifungia nguo bila kuniuliza. "Nenda," akasema. "Umeniamsha vya kutosha kwa kuweweseka." Nilikuja mezani kwenu, mmoja wenu akaniandika kwa heshima nyingi, akaniuliza nchi huku anacheka kwa kuwa ananijua. Nilichelewa kumjibu, akadhani sisikii.

Kiyonga nikamwulizia yule mwanamke wa visiwani aliyeolewa pale, aliyekufa zamani. Wengi hawakuwepo, wengine walirudi juzi tu wakakuta nyumba ni majani. Mwishowe nikaelekezwa kwa kikongwe, wifi yake marehemu. Anasema Kimwani, tulielewana nusu kwa nusu. Akanipeleka makaburini akiwa na jembe begani kama fimbo. Kaburi lilikuwa limemezwa na magugu, lakini vijiwe vya kichwani na miguuni vilikuwepo.

"Wewe ni nani wake?" akaniuliza.

Miaka yangu yote nimewauliza watu maswali mafupi kama hayo nikitaka majibu mafupi. Sikuwa na la kuandika kwenye safu hiyo. Si ndugu, si jirani, si shoga yake. Hata jina lake nililisikia siku ile kwa mara ya kwanza, Time.

"Mimi ndiye niliyemchelewesha kaka yake," nikasema.

Kikongwe akanisogelea, akanitazama usoni. Sikujua kama anakumbuka. Kisha nikaona anakumbuka.

"Alimwita kutwa," akasema. "Mpaka ulimi ukawa mzito."

Nikaanza kusema yale niliyoyapanga tangu Msimbati, ya kumwomba Time radhi. Yalitoka machache, nayo yalitoka vibaya. Nilipomaliza, kikongwe alilishusha jembe begani akaniwekea mkononi.

Nikapalilia. Magoti yangu si ya kazi hiyo tena, lakini nilipalilia kuanzia miguuni hadi kichwani, nikang'oa na mizizi kwa mkono, mpaka udongo ukaonekana. Yeye alikaa juu ya kisiki akitazama. Nilipojinyoosha kumrudishia jembe lake hakulipokea. Alinyoosha kidole kwenye ncha ya mbali, kule kwenye kivuli.

"Kona ile bado," akasema.

Nikainama tena.